Hayakuhusu Ndani ya Mtumbwi wa Babu

Sweta za watoto nilizozitaka nilizipata soko la Shahe, huku Guangzhou, ndani ya jengo moja la nguo za jumla, ghorofa ya juu kabisa, baada ya kuzunguka mpaka miguu ikavimba. Zilikuwa nzuri, nzito, za kufaa baridi ya Songea. Tatizo ni kwamba juu ya furushi la sweta hizo alikuwa amelala mbwa.

Usidhani nakutania, rafiki yangu. Mbwa mdogo, mweupe, amevishwa koti la rangi ya waridi lenye vifungo. Nikamwomba laoban, kama tunavyowaita wenye maduka huku, amwondoe nizione rangi za chini. Yule mama akatikisa kichwa. "Meiyou," akasema, neno lao la kukwambia hakuna, ambalo mtu anayenunua mali Guangzhou hulisikia mara nyingi kuliko salamu. Hakuna nini sasa? Hakuna rangi nyingine, au hakuna wa kumwamsha mbwa? Mwenzangu wa Kalemie, mama wa Kikongo ambaye huwa tunatafuta mali pamoja na kugawana nafasi kwenye kontena, alikuwa ameegemea mlango akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Mais dada, ona ile imbwa," akaniambia. "Iko na manteau. Miye siko nayo."

Kilichonimaliza ni simu. Laoban aliponiona namkodolea macho mbwa wake alidhani nimempenda, akafungua simu na kunionyesha video. Mbwa yule yule yuko ndani ya mtumbwi wa plastiki, kwenye mto fulani wenye maji ya kijani, amevaa jaketi la kuokolea maisha. Amekaa wima. Anatazama mbele. Nyuma yake mwanamume anapiga kafi taratibu, shati lake kavu kabisa, anatabasamu. Niliitazama ile video mpaka mwisho nikisubiri mbwa afanye jambo. Hakufanya. Kisha simu ikatafsiri maneno ya laoban kwa Kiswahili cha kwenye mashine, kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka: Je, wewe pia unapenda mbwa katika boti?

Nikasema hapana. Simu ikatafsiri. Laoban akakunja uso, akamkumbatia mbwa wake, na habari ya sweta ikafia hapo hapo.

Tukiwa kwenye lifti mwenzangu wa Kalemie akanilaumu kwamba nimetukosesha mali nzuri kwa sababu ya ulimi, akataka kujua mbwa wamenikosea nini. Nikamwambia sichukii mbwa. Nilichoshwa na mmoja tu, na uchovu wake haujanitoka mpaka leo. Mbwa mwenyewe aliitwa Hayakuhusu.

Nilikuwa darasa la tatu mama aliponipeleka kwa bibi na babu, kijiji kidogo kando ya Ziwa Nyasa, kusini ya Mbamba Bay, wakati yeye anasomea unesi. Wajomba zangu wote walikuwa wamepanda milimani kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa. Kwa hiyo babu, mvuvi tangu ujana wake, alibaki na mtumbwi wa gogo, nyavu, na hana mtu wa kukaa naye mtumbwini. Akanitazama mimi. Bibi akasema mtoto wa kike hapelekwi ziwani. Babu akasema mtoto wa kike ana mikono miwili kama mtu mwingine. Wakabishana chakula kizima, ugali wa muhogo ukapoa, na kesho yake alfajiri, kwa kuwa ilikuwa likizo, nikajikuta nimekaa katikati ya mtumbwi na kopo la mafuta ya kupikia mkononi. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji yanayoingia na kuyamwaga nje. Hiyo niliiweza. Kazi ya pili ndiyo iliyonishinda: kumshika mbwa.

Kwani kwa nini mbwa aende kuvua? Hilo ndilo swali ambalo kila mtu pale kijijini alimuuliza babu, na babu alikuwa na jibu moja: fisi maji. Fisi maji ni wale wanyama wenye manyoya na mikia minene wanaoishi kwenye miamba ya pwani ya ziwa, wanapenda sana samaki aliyekwisha kunaswa, na wakiufikia wavu hawali tu, wanauchana. Babu alisema fisi maji wakisikia mbwa hawasogei. Maelezo yalikuwa mazuri. Shida ni kwamba katika muda wote niliokaa ndani ya mtumbwi ule, Hayakuhusu alibwekea kila kitu chini ya mbingu isipokuwa fisi maji.

Alikuwa mbwa wa rangi ya majani makavu, sikio moja limesimama na jingine limelala, mbavu nje ingawa alikula kutuzidi sote. Jina lake babu alimpa wakati alipokuwa na ugomvi na jirani kuhusu mpaka wa shamba la muhogo. Wazee wa kwetu hawakugombana kwa maneno, waliwapa mbwa majina. Kila jioni babu alisimama uani, akageukia upande wa nyumba ya jirani, na kuita kwa sauti ya kanisani, "Hayakuhusu! Hayakuhusu, njoo ule!" Ugomvi wa shamba ulikwisha, jina likabaki, na jirani hakulizoea kamwe.

Sasa sikia raha niliyokuwa nayo. Tunaondoka bado giza halijatoka vizuri, milima nyuma yetu myeusi, maji kama mafuta. Ungedhani ni saa ya kusikia ukimya. Hayakuhusu anasimama mbele kabisa, miguu ya mbele juu ya ukingo, na anaanza. Anaubwekea mwamba mkubwa wa kwanza. Tukiupita ananyamaza kidogo, kama mtu anayemeza mate, halafu anawabwekea wale ndege weusi wanaozamia samaki, waliojipanga juu ya mwamba wa pili. Akimaliza ndege anamwona mvuvi mwingine. Kwa wavuvi alikuwa na mbweko wake maalumu, mfupi mfupi, wa kukera. Wale watu walikuja ziwani kutafuta dagaa wa usipa na perege, wakapokewa kwa matusi ya mbwa.

Na hakutulia. Mtumbwi wa gogo ni kitu cha adabu. Ukihema vibaya unayumba. Yeye alitoka mbele akaja nyuma, akapita juu ya nyavu, kucha zikanasa, akavuta, nyavu ambazo babu alizikunja jana nzima zikawa kama nywele za mtu aliyeamka. Akaruka majini bila sababu. Tukamvuta kwa shingo. Akasimama karibu yangu, si karibu ya babu, karibu yangu, akajikung'uta. Sijawahi kurudi nyumbani nikiwa mkavu. Bibi alinifungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye jani la mgomba, nivile jua likichomoza. Viazi hivyo nilivila mara chache sana, maana nikigeuka kuchota maji, jani limefunguka na Hayakuhusu anatazama mbali kama mtu anayesali. Alikula chambo. Alitapika chambo. Nikaambiwa nisafishe, kwa kuwa kopo ninalo mimi.

Nikilalamika, babu alisema tu, "Mwache afanye kazi yake." Basi. Mtu mpole, mwenye maneno machache, mikono yake migumu kama gome, ambaye kwa jambo lingine lolote ungeweza kumshawishi. Kwa mbwa, hapana. Bibi naye alitusubiri ufukweni na beseni la samaki, akatutazama tulivyolowa wote watatu, akasema neno ambalo nalikumbuka mpaka leo: "Mtumbwi huu una watu wawili na mjinga mmoja, na mjinga si lazima awe mbwa."

Kisha alimchukua perege mkubwa kuliko wote, akamchemsha kwa nyanya na ndimu, na hasira yake ikawa imepita. Yangu haikupita.

Jirani ndiye aliyechoka kabla yetu. Alikuwa mvuvi kama babu, umri wao haukupishana sana, na nyavu zake alizitega karibu na zetu. Alisema kelele zinafukuza samaki. Alisema pia kwamba amechoka kuambiwa hayamhusu kila siku alfajiri katikati ya ziwa la Mungu. Akapeleka shauri kwa balozi wa nyumba kumi, tukaitwa, tukakaa kwenye mkeka. Mbwa naye alikuja, hakuna aliyemwalika. Balozi alisikiliza pande zote mbili, na akamwomba babu kwa heshima zote amwache mnyama nyumbani. Wavuvi wengine waliitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia, nikiwa nyuma ya mgongo wa bibi.

Babu alimpapasa mbwa aliyelala karibu na goti lake. Halafu akasema, "Mbwa akibaki, na mimi nabaki."

Watu wakacheka, wakadhani ni ukaidi wa uzee. Jirani hakucheka. Aliinuka akakung'uta suruali, akaondoka bila kuaga. Nami nilirudi nyumbani nimefura, kwa sababu nilijua alfajiri itakuwa ni ile ile: mwamba, ndege, maji ya mbwa usoni, viazi vimeliwa.

Ilikuwa miezi ya mvua nilipopata asubuhi moja ya kupumzika, au ndivyo nilivyodhani. Bibi aliamka kabla yetu. Alimwita Hayakuhusu jikoni, akampa ugali na vichwa vya samaki, sufuria nzima, na wakati amezamisha pua humo akamfunga kwa kamba ya wavu kwenye nguzo ya jiko. Mimi nilimwona. Akaweka kidole kwenye midomo yake, ninyamaze. Nikadhani Mungu amesikia.

Tulipofika ufukweni babu akapiga mluzi. Hakuna kitu. Akapiga tena. Alisimama ameweka mkono juu ya ukingo wa mtumbwi, kichwa ameinamisha kidogo, na akasema tumngoje. Tukamngoja. Nikamwambia kunapambazuka, jirani ameshaondoka. Akauliza, "Una hakika hujamwona?" Nikajibu kwamba yuko nyumbani anakula, jambo ambalo lilikuwa kweli. Babu akashusha pumzi, akausukuma mtumbwi, tukaingia ziwani.

Nilikuwa na furaha, siwezi kukuficha. Ukimya! Nilisikia kafi ikiingia na kutoka. Nilisikia wanawake wakisugua masufuria kwa mchanga kule nyuma yetu. Viazi vyangu vilikuwa vya moto na nilivila vyote. Ila babu ndiye aliyeanza kunichosha. Alipiga kafi kidogo kidogo kama mtu anayepapasa, na akawa haishi kuuliza. Wale ndege wako juu ya mwamba? Wako. Upande gani? Huu. Huu upi, sema vizuri. Upande wa mkono wa kulia, babu. Mbele kuna mtumbwi? Hakuna. Una hakika? Nikajiuliza leo mzee amekuwaje. Yeye ndiye aliyenifundisha jina la kila mwamba, na sasa ananihoji kama mgeni.

Tulipozifikia nyavu alinyosha mkono kutafuta boya. Boya lilikuwa karibu na kiwiko chake. Akapapasa mbele, akapapasa nyuma, akasema nilishike mimi, mgongo unamsumbua. Nikalishika. Samaki walikuwa wengi, perege na mbasa wanene, wavu haukuchanwa popote. Hapo nikapata hoja yangu, nikamwambia unaona, babu, mbwa hayupo na fisi maji hawakuja. Alikuwa amegeuza uso kuelekea magharibi, ananusa.

Mimi niliziona kabla hajauliza. Katikati ya ziwa kulikuwa na nguzo za moshi wa kahawia, zinapanda mpaka mawinguni, zinapinda, zinatembea. Si moshi. Ni nkungu, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaotoka majini kwa mabilioni. Kwetu wakija ufukweni kina mama huwakimbilia na vikapu na masufuria yaliyopakwa mafuta, wanawanasa, wanawatwanga na kukausha vidonge vyeusi vyenye ladha ya samaki na udongo, vitamu sana kwa ugali. Lakini hilo ni jambo la nchi kavu. Ukiwa ndani ya mtumbwi, nkungu wanaingia puani, masikioni, kooni. Nguzo moja ilikuwa inakuja kwetu. Nikajifunika khanga kichwa kizima, nikamwambia babu tuondoke.

Wakatufunika. Kulikuwa na sauti kama ya mvua ya mbali, na nuru ya asubuhi ikawa ya udongo. Nilipumua kupitia kitambaa. Nikasikia kafi ya babu ikienda haraka, haraka zaidi, kisha tukagonga. Mlio wa mti kupasuka nilikuwa sijawahi kuusikia chini ya makalio yangu. Tulikuwa tumeupanda mwamba, mtumbwi ukateleza ukarudi majini, na karibu na miguu yangu maji yakaanza kuingia, si yale ya kuchotwa kwa uvivu.

"Babu, geuka kulia," nikapiga kelele.

"Nyumbani ni wapi?" akauliza.

Mtu aliyezaliwa juu ya maji yale. Nikafungua khanga kumwonyesha, na sikuona kitu mimi pia, ila wadudu. Lakini nilimwona yeye. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu na macho yake hayakunitazama. Yalitazama pembeni ya bega langu, yamefunguka, wadudu wanatua juu yake na hayapepesi. Ndipo nikajua. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu, kama unavyojua chungu ni cha moto.

Nikachota maji. Sikulia, nilikuwa na hasira mno. Nilichota nikimwaga, nikichota nikimwaga, na katikati ya makopo nikasikia, mbali, nyembamba, upande wa nyuma yangu kabisa, mbweko.

Yule mbwa alikuwa amemaliza sufuria yake. Alikuwa amegundua kwamba amefungwa na sisi tumekwenda, na alikuwa anawaeleza watu wote wa kijiji. Alibweka bila kupumua, kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa, sauti inapasuka inarudi tena.

Babu akaacha kupiga kafi. Akageuza sikio.

"Msikie mjinga yule," akasema, na akaugeuza mtumbwi.

Hayakuhusu akinyamaza, babu alisimamisha kafi akangoja. Akianza, tukaenda. Mimi nilichota mpaka mabega yakafa ganzi. Nkungu wakatupita wakaenda kuangukia watu wengine, mwanga ukarudi, nikaona mchanga wa kwetu, na bibi amesimama majini mpaka kiunoni na gauni lake la shambani. Nyuma yake alikuwa jirani. Alikuwa amewahi kurudi kabla ya nkungu, na bibi alikuwa amemvuta mkono akamtaka arudi ziwani kututafuta. Alishikilia mbele ya mtumbwi wetu uliojaa maji, akauvuta nchi kavu peke yake. Samaki wote walikuwa wamerudi majini. Hakuna aliyewatazama.

Bibi hakupiga kelele, na hilo lilinitisha kuliko mwamba.

"Huoni," akamwambia babu.

"Naona."

"Unaona nini?"

Babu alifuta wadudu usoni. "Naona kama mtu aliyemwagiwa uji machoni," akasema. "Asubuhi ni uji mzito. Mchana ni mwepesi kidogo."

"Nilimfunga mbwa ili ubaki," bibi akasema. "Ulisema mwenyewe mbele ya balozi, mbwa akibaki na wewe unabaki. Nikajua huwezi kuondoka bila yeye. Sikujua kichwa chako ni kigumu kiasi cha kwenda na mtoto peke yake."

Kumbe bibi alijua siku nyingi. Alijua tangu babu alipoanza kutafuta kikombe cha chai kwa kidole. Alijua tangu jioni moja alipomkuta uani anaisalimia khanga yake iliyoanikwa kwenye kamba, anaiuliza kama watoto wameshakula. Alirudi jikoni akasubiri babu amwambie mwenyewe. Babu naye alisubiri macho yarudi. Wakasubiriana hivyo msimu mzima, huku mimi nachota maji katikati yao.

Nikamuuliza babu, hapo hapo mchangani, na fisi maji je?

"Mbwa yule hajawahi kumwona fisi maji hata mmoja," akasema. "Wangemla yeye. Anabwekea mwamba, najua hapa ni mwamba. Anabwekea ndege, najua nimefika kwenye ndege. Kwa mtumbwi wa mtu hubweka vingine."

Ungetarajia moyo wangu ulainike. Haukulainika. Nilikasirika kuliko siku zote. Nilikuwa nimekaa katika mtumbwi ule na macho mawili mazima, najua kusoma, najua mwamba ulipo, na mzee wangu aliona afadhali kumwamini mnyama anayetapika chambo. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ambayo mtoto wa kwetu haitumii kwa babu yake. Kwa nini hukuniuliza mimi?

Akanyosha mkono, ukakosa kichwa changu kwanza, kisha ukakipata.

"Mbwa haendi kusema kwa bibi yako," akasema.

Jirani alikuwa bado amesimama pale, suruali inachuruzika. Aliokota kafi yetu, akaiegemeza vizuri kwenye mtumbwi, akaenda zake.

Babu hakwenda ziwani tena majuma mengi. Alikaa uani akishona nyavu kwa vidole, nyavu ambazo hazikuwa na mahali pa kwenda, kwa kuwa mtumbwi ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Hayakuhusu alishuka ufukweni kila alfajiri peke yake, akaingia ndani ya mtumbwi ulioinuliwa juu ya mawe, akaubwekea mwamba kwa mbali mpaka kukapambazuka. Majirani wakalalamika upya. Bibi akamrushia kuni. Nilimwambia bibi atulie, nami nikashangaa kwamba ni mimi niliyesema.

Kisha jioni moja jirani akaja. Alichuchumaa karibu na babu, wakazungumzia mvua, wakazungumzia bei ya muhogo, wakamaliza kila kitu. Ndipo akasema mgongo wake siku hizi hauvuti nyavu, anahitaji mtu mwenye mikono, kazi ya kafi ataifanya mwenyewe. Mgongo wake ulikuwa mzima, sote tulijua. Ndiye aliyevuta mtumbwi wetu peke yake.

"Nitakuja na mbwa," babu akasema.

Jirani akamgeukia Hayakuhusu, aliyekuwa akijikuna sikio lililolala kwa kelele zote alizoweza. Akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama deni la mtu mwingine.

"Akae mbele," akasema hatimaye. "Mbali na mimi."

Basi kesho yake mimi na bibi tulikuwa ufukweni na beseni, wakavu, tumefunga mikono. Ziwa lilikuwa shwari na sauti zilisafiri. Tulisikia mbweko wa mwamba. Tulisikia mbweko wa ndege. Kisha tukasikia maji yakirushwa, na sauti ya jirani, mtu mzima, mwenye heshima zake kanisani, akipiga kelele katikati ya maji, "Hayakuhusu! Kaa chini, Hayakuhusu!" Bibi alikaa mchangani akacheka mpaka akajifunika uso.

Walivua hivyo, wazee wawili na mbwa, mpaka mama aliponichukua kwenda Songea, na miaka kadhaa baadaye. Babu vidole vyake vilimtoa samaki wavuni haraka kuliko macho ya mtu. Jirani hakuacha kulalamika hata siku moja. Nilipokwenda likizo alinishika pembeni akanieleza makosa ya mbwa moja baada ya jingine, kama mtu anayeripoti polisi, nami nikaitikia kila moja kwa kuwa nililijua.

Sasa wote hawapo. Mbwa alitangulia, akazikwa nyuma ya choo, na babu alidai hakuna aliyesikitika kwa kuwa wote tumepata usingizi. Babu akafuata, kisha jirani, na bibi ndiye aliyekaa hadi mwisho. Mtumbwi uliopasuka alizibia ufa kwa udongo akaufanya wa kulowekea muhogo, na ulipooza akaukatakata kuni. Mti ule ulikuwa umenywa mafuta ya samaki kwa miaka mingi. Ukiuwasha, jiko zima lilinuka, chai ilinuka, hata uji wa asubuhi ulikuwa na harufu ya mbasa. Tulilalamika, bibi akatuambia anayechagua harufu akapike kwake, na tukala.

Siku hizi vijana wa pale wana boti za faiba na injini, na taa za sola za kuvutia usipa. Wanavua zaidi, siwalaumu. Nyumba imebaki kuta. Mimi nina duka mjini, na nikija huku Guangzhou nalala chumba safi mtaa wa Dengfeng, nguo zangu kavu, chakula kwenye sahani yangu hakuna anayekigusa, natoka na kurudi saa niitakayo na hakuna anayeuliza. Nimeishi na watu wengi tangu wakati ule, wengine wapole sana. Lakini sijapata nyumba nyingine ambayo watu wake walichoshana kiasi kile, na bado hakuna aliyeanza kula kabla mwenzake hajarudi.